Njoo Uone Lihumbe

Maposeni,
21 Januari 2024

Mdogo wangu Fulgence,

Marahaba kwanza, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hujambo? Mkeo Dorine hajambo, na mguu wake umepona? Huku kwetu wazima, ila goti langu la kushoto siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mahindi yamefika kiunoni na nyani bado hawajapata habari.

Barua hii nimempa Muhsini, konda wa Haisi ya Peramiho, akuletee mkononi pale shuleni. Usiniulize kwa nini sikupiga simu. Jambo lenyewe halisemeki kwa simu, nitacheka na salio litaisha. Tafuta kiti ukae.

Nimeandika shairi.

Najua unacheka. Mwanamke wa miaka sitini na nne, thelathini na moja kati ya hiyo amefua mashuka ya wagonjwa, leo amekuwa malenga! Cheka umalize, halafu uendelee kusoma.

Unalikumbuka bonde la Lihumbe, pale chini ya shamba la baba, ambapo maji hayakauki na baba alikataa kabisa kulima? Wewe ulifika huko miaka ya baadaye, mgongoni mwangu, kwa hiyo unalikumbuka kwa harufu tu. Nilipokuwa na miaka saba nilipewa ng'ombe wawili wa baba niwachunge huko, kwa kuwa ninyi wavulana mlikuwa hamjaamua kuzaliwa. Januari ile ndipo nilipoyaona maua yake kwa mara ya kwanza. Sijawahi kupona, Fulgence. Miaka yote ya kazi, siku yangu ya mapumziko nilikuwa nateremka Lihumbe. Marehemu shemeji yako alikuwa akiniuliza, "Unatafuta nini huko, mbona kuni haziko?" Namjibu natafuta mbuzi. Na unajua hatukuwahi kufuga mbuzi.

Nimeyapa majina yangu mwenyewe. Lile la rangi ya waridi lenye vipembe viwili kwa nyuma naliita Mikia Miwili, na ndege chozi ndiye mteja wake. Yale meupe yanayoinamisha kichwa nayaita Masista, maana yakisimama kwa mstari unaweza kudhani yanakwenda Masifu ya Jioni.

Sasa kila Jumamosi napukuchua mahindi nikisikiliza kile kipindi cha mashairi cha redio ya mjini. Watu wanaimba mapenzi, wanaimba uchaguzi, wanaimba maisha magumu. Hakuna aliyetaja ua hata moja. Nikasema, hawa hawajafika Lihumbe. Nikachukua daftari. Beti ziko tano kwenye karatasi ya pili, ya kwanza ndiyo hii:

Bonde hilo si la jembe, wala la mazao mengi,
Mungu kapanga viumbe, mizizi ndiyo msingi,
Tangu nikichunga ng'ombe, nimelipenda kwa wingi,
Njoo uone Lihumbe, maua yavaa rangi.

Wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili. Lisahihishe, lakini usiliue.

Dada yako,
Notburga


Bombambili, Songea,
2 Februari 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini u mzima wa afya. Sisi hatujambo, Dorine anatembea bila fimbo na anakusalimu sana. Shule zimefunguliwa, wanafunzi wa kidato cha kwanza wamejaa hadi mlangoni, na mimi chaki imenikaa kooni.

Dada, sikucheka. Nilisoma barua yako nimesimama ofisini, kisha nikakaa. Nikahesabu mizani kwa vidole mara tatu. Nane kwa nane! Vina vya kati vimetimia, vya mwisho vimetimia, na kibwagizo kinatembea chenyewe. Nina wanafunzi wa kidato cha sita ambao hawajui kufanya hivyo, na nina walimu pia, ila hao siwataji. Nani alikufundisha?

Nilibadilisha maneno mawili tu ubeti wa tatu. Kisha nikalisoma mbele ya chama chetu cha walimu wa Kiswahili, ambacho unajua mimi ndiye katibu. Mwalimu Asumpta, ambaye hasifu kitu, akaniomba nirudie. Basi nimelipeleka redioni kwa Bwana Calvin, mtangazaji wa kile kipindi. Limepangwa kusomwa Jumamosi tarehe 2 Machi. Juu yake nimeandika: "Limetungwa na Bibi Notburga wa Maposeni, limehaririwa na Mwalimu Fulgence." Hilo la pili ni utaratibu tu.

Nimejiuliza jambo moja ambalo halikuwahi kunijia kichwani. Miaka yote umekuwa ukinilea, ukinisomesha, ukinitumia unga, na kumbe ulikuwa na haya ndani yako na mimi mwenye shahada sikuyajua. Nimeona aibu kidogo, lakini ni aibu tamu.

Waambie majirani wote wafungue redio.

Mdogo wako,
Fulgence


Maposeni,
27 Februari 2024

Mdogo wangu Fulgence,

Hamjambo? Mimi mzima. Salamu leo zitakuwa fupi, utanisamehe.

Litoe jina la Lihumbe kwenye shairi.

Jana nilikuwa Peramiho kliniki, nikakutana na mwanamke ninayemfahamu, anatoka bonde la upande wa pili. Amenieleza wanunuzi wa chikanda wameingia kwao. Kama hujui chikanda, ni vile viazi vidogo vilivyo chini ya maua kama yangu. Wanavikausha na kuvipeleka ng'ambo ya mpaka, huko vinasagwa na kupikwa chakula kinachopendwa kama nyama. Kila ua lina viazi viwili, kimoja laini cha mwaka jana, kimoja kigumu cha mwaka huu. Wao wanataka hicho kigumu. Ukikitoa, mwakani pale pana tope tu. Ameniambia kwao imebaki mashimo, hata chura hana pa kukaa.

Huku kwetu bado hawajui. Lihumbe iko chini, barabarani haionekani, na watu wanadhani ni bwawa la mbu. Mimi ndiye ninayetaka kuwaambia kwa redio! Nimekosa usingizi kwa ujinga wangu.

Kibwagizo kiwe hivi: Njoo uone kwetu, maua yavaa rangi. Najua kinachechemea. Kiache kichecheme. Na katika mishororo mingine jina halimo, nimeangalia. Ukiona haiwezekani, nenda kwa huyo Calvin ulizuie lisisomwe kabisa. Sitakasirika, nakuapia kwa kaburi la mama.

Muhsini anaondoka na barua hii kesho. Nimemwambia asiiache kwa mlinzi, akupe mkononi.

Dada yako,
Notburga


Bombambili,
4 Machi 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko? Sisi wazima, tena wazima wenye furaha.

Ulisikia? Niambie ulisikia! Bwana Calvin alilisoma taratibu, akarudia ubeti wa kwanza, halafu akaacha kibwagizo kipigwe na ngoma kwa nyuma. Nyumbani kwangu walijaa walimu, Dorine alikaanga karanga, na kibwagizo cha mwisho watu wote wakaitikia. Simu zimepigwa redioni kutoka Mbinga, kutoka Namtumbo. Mtu mmoja kauliza Lihumbe iko wapi, Bwana Calvin akamjibu, "Uliza Maposeni, utaonyeshwa." Wametaka ulete jingine.

Barua yako ya tarehe 27 nimeipata leo Jumatatu asubuhi. Imenisikitisha kwamba ilichelewa, lakini nadhani unajitia hofu bure. Shairi ni shairi, dada. Watu wanasikiliza, wanafurahi, wanageuza ugali. Nani ataacha shughuli zake aende kutafuta bonde kwa sababu ya kibwagizo?

Mdogo wako mwenye fahari,
Fulgence


Maposeni,
13 Machi 2024

Fulgence,

Natumaini mu wazima. Mimi nipo.

Umeuliza nani ataacha shughuli zake. Nakujibu. Ni Oliva, anayetuongozea nyimbo kwenye jumuiya yetu. Na dada zake Oliva. Na mabinti wa upande wa shuleni, na wanaume watatu nisiowajua wenye pikipiki. Niliwahesabu kumi na wanane. Walikuja Jumamosi asubuhi, majembe begani, mifuko ya sandarusi kiunoni.

Nilikuwa bondeni tayari. Oliva akanisalimu kwa heshima zote, "Shikamoo, mama Notburga!" Nikamwuliza mmekuja kufanya nini. Akashangaa. "Si umetuita mwenyewe? Redio nzima imesema njoo. Miaka yote tunapita huko juu hatukujua kama kuna mali huku chini. Mungu akubariki, mama."

Hakuwa ananidhihaki. Ningependa awe ananidhihaki, ningejua la kumjibu. Alikuwa anashukuru kwa dhati. Ana watoto sita na mvua ya mwaka jana ilimnyima, na mnunuzi alikuwa juu barabarani na ndoo yake ya kupimia.

Nikawaambia bonde hili ni la baba yetu. Wakasema ardhi ya baba yenu ni shamba, bwawa ni la Mungu. Nikawaeleza habari ya viazi viwili. Wakaitikia kwa vichwa, kisha wakainama. Nikaenda kukaa chini katikati ya Masista, nikasema hapa hamchimbi. Basi wakachimba kunizunguka, kwa adabu kabisa. "Samahani mama, sogeza mguu kidogo." Na walipochoka kuchimba kimyakimya, Oliva akaanzisha wimbo. Unajua waliimba nini? Waliimba kibwagizo changu. Sauti ya kwanza na ya pili, na jembe ndiyo ngoma.

Wamekuja tena Jumapili baada ya misa, na Jumatatu. Sasa hakuna kilichobaki cha kuwafanya warudi. Pale nilipokaa, kiasi cha mkeka mmoja, ndipo kuna maua.

Nina swali moja tu. Barua yangu ya tarehe 27 uliipata siku gani hasa?

Dada yako,
Notburga


Bombambili,
16 Machi 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole sana. Pole tena. Nimeisoma barua yako kwa sauti nyumbani. Dorine amelia.

Nimekwenda kwa afisa misitu hapa mjini nikatoa taarifa, nimeandika barua rasmi yenye kumbukumbu namba, na nimeongea na Bwana Calvin atangaze kwamba kuchimba chikanda bila kibali ni kosa. Jambo hili tutalifuatilia mpaka mwisho.

Kuhusu barua yako, nilikwisha kukueleza, niliipata Jumatatu tarehe 4. Kwa kweli huyu Muhsini siyo mtu wa kumpa vitu vya haraka. Abiria na magunia yanamchanganya, inawezekana ilikaa kwenye gari siku kadhaa. Mara nyingine tumia simu, dada. Hizi barua ni mapenzi tu lakini zina hasara yake.

Usijilaumu. Hukufanya kosa lolote.

Mdogo wako,
Fulgence


Maposeni,
20 Machi 2024

Mdogo wangu,

Hamjambo? Ya Muhsini tuyaweke kando kwanza, kuna la maana zaidi.

Jana mgambo wamesimamisha pikipiki mbili pale kizuizini, kila moja ina gunia. Ni viazi vya Lihumbe, udongo wetu mweusi bado umo. Yule afisa misitu uliyemwona alikuja, nakushukuru kwa hilo, akataka kuvichoma moto, ndio utaratibu wao. Nikamwomba anipe nivirudishe ardhini. Alinitazama kama mgonjwa, mwisho akakubali. Ila ametoa onyo: vimebakiza siku nne au tano tu za kuvumilia nje ya tope, hasa vilivyokatwa na jembe. Nimevifunika kwa nyasi mbichi uvunguni mwa kitanda na navinyunyizia maji.

Magunia mawili, Fulgence. Ukipanda kimoja kimoja, kila kimoja na shimo lake la kidole, ni mamia kwa mamia. Majirani siwezi kuwaomba, unaelewa kwa nini. Goti langu linakubali kuinama kwa muda wa saa mbili, likigoma limegoma. Njoo Jumamosi, tarehe 23, kesho yake ni Jumapili ya Matawi na shule hamna. Haisi ya kwanza inafika huku saa mbili asubuhi. Nitaanza gunia la kwanza mimi peke yangu, la pili litakusubiri wewe.

Usilete karanga wala sukari. Lete mikono.

Dada yako,
Notburga


Maposeni,
2 Aprili 2024

Fulgence,

Heri ya Pasaka kwako na Dorine.

Jumamosi nilikungoja. Haisi ya kwanza ilipita, ya pili ikapita, ya saa nane nikaenda mwenyewe barabarani kuangalia. Simu yako ilikuwa haipatikani.

Gunia la kwanza nililimaliza Jumapili, matawi nimeyasikia kwa mbali. Gunia la pili nililifungua Jumatatu likatoa harufu. Nimelizika nyuma ya choo.

Notburga


Bombambili,
12 Mei 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu sijapata jibu, na simu yako inaita bila kupokelewa. Majirani wameniambia u mzima na huenda kanisani, namshukuru Mungu kwa hilo.

Nilikwisha kueleza kuhusu Jumamosi ile. Ilikuwepo semina ya walimu, iliitishwa ghafla, na simu iliishiwa chaji. Nilidhani afisa misitu angekutafutia watu wa kukusaidia.

Bwana Calvin ananiuliza kila wiki lini utaleta shairi jingine. Nimemwambia unapumzika. Dada, usiiache kalamu. Itakuwa hasara kubwa, na mimi nitajiona nimechangia.

Nimemtumia Muhsini kilo mbili za mchele akuletee.

Mdogo wako,
Fulgence


Bombambili,
17 Novemba 2024

Dada,

Shikamoo.

Mchele ulirudi mwezi Mei, Muhsini alinikabidhi mwenyewe. Nimekaa nao miezi sita kwenye stoo. Dorine hajaupika na hajaniuliza. Mvua za vuli zimeanza kunguruma upande wa milima ya Matogoro, na nimeona kama zikifika huko Lihumbe kabla ya barua hii, sitaiandika tena maishani.

Barua yako ya tarehe 27 Februari niliipata Alhamisi, tarehe 29, saa saba mchana, kwenye geti la shule. Shairi lilikuwa halijasomwa. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Niliisoma palepale. Nilielewa kila neno. Kisha nikaingia darasani, nikakiandika kibwagizo chako kipya nyuma ya daftari la mahudhurio, nikahesabu. Njoo uone kwetu. Mizani saba. Na kina cha kati kimepotea, kwa sababu beti zote zinatua kwenye "mbe" na hiki kinatua kwenye "tu". Dada, huo ndio ukweli wenyewe, sina mwingine mzuri zaidi. Nilifikiri: jina langu liko juu ya karatasi ile kama mhariri. Walimu wote watakuwa sebuleni kwangu. Mwalimu Asumpta atahesabu kwa vidole. Mimi, katibu wa chama, nitapitisha mshororo wenye mizani saba hewani, mkoa mzima ukisikia? Nikasema nitalifikiria kesho. Ijumaa nikasema redioni wameshapanga, nitawasumbua. Jumamosi karanga zilikuwa zimekaangwa.

Kisha nikakuandikia Jumatatu. Kisha nikamsingizia Muhsini, ambaye hakunikosea chochote.

Na Jumamosi ile ya Matawi hakukuwa na semina. Nilivaa suruali ya shamba, nikafika stendi, nikaiona Haisi, na Muhsini yuko mlangoni anaita abiria. Nikajua nikipanda, yeye atanitazama, halafu wewe utanitazama, na tutainama siku nzima juu ya viazi vile na mimi ninalo tumboni. Nikarudi nyumbani. Nikazima simu. Nikamwambia Dorine gari lilijaa. Kwa hiyo bonde liliharibiwa na hesabu zangu, lakini gunia la pili ni woga mtupu.

Wiki iliyopita nilikuwa nasahihisha mitihani, kidato cha tatu, swali la ushairi. Mwanafunzi mmoja aliandika shairi baya kabisa lenye neno "viumbe". Nikaweka kalamu chini. Njoo uone viumbe, maua yavaa rangi. Mizani nane. Kina kimetimia. Neno lenyewe lilikuwa ndani ya ubeti wako, mistari miwili juu yake, mimi niliyefundisha miaka ishirini na saba sikuliona kwa kuwa sikulitafuta. Ningelitafuta dakika moja tu Alhamisi ile, bonde lingekuwepo.

Sikuombi unijibu. Nimejiuzulu ukatibu, sijui kwa nini nakwambia hilo, halikusaidii kitu. Nilitaka tu ulijue kutoka kwangu.

Fulgence


Maposeni,
1 Desemba 2024
Jumapili ya kwanza ya Majilio

Mdogo wangu Fulgence,

Marahaba. Hujambo? Dorine mwambie nampenda, na kwamba mwanamke anayeweza kukaa na mchele miezi sita bila kuuliza ana moyo wa kuolewa na wewe. Mimi mzima. Goti limekuwa bovu zaidi tangu Machi, nakwambia kweli, sikufichi ili ujisikie vizuri.

Nilijua.

Nilijua tangu wiki ile ile ya kwanza. Nilimwuliza Muhsini, naye akakumbuka vizuri, akaniambia, "Mwalimu aliisoma amesimama, nikamwuliza kama kuna majibu nipeleke, akasema hakuna." Kwa hiyo nilipokuuliza siku gani, jibu nilikuwa nalo mfukoni. Nilikuwa nakupa nafasi. Ukaniandikia Jumatatu, tena ukamtupia mtoto wa watu lawama. Nimekasirika mdogo wangu, nimekasirika sana, na hasira yangu haijaisha, ningeona aibu kukudanganya leo wakati wewe ndiyo kwanza umeacha kudanganya. Kwa Muhsini utakwenda mwenyewe. Nilitaka kumwomba radhi kwa niaba yako, nikaona hapana, hiyo siwezi kukubebea.

Sasa nikwambie jambo usilolijua. Umefikiri nilikuita Machi kwa sababu ya magunia. Magunia yalikuwepo, ndiyo. Lakini ningeweza kumwita padre akatangaza kanisani, ingekuja kwaya nzima, hata Oliva angekuja, yeye si mtu mbaya. Sikumwita mtu. Nilikuwa nataka wewe uje, kwa sababu miaka thelathini na moja nimefua na wanawake wenzangu kwenye yale mabeseni, na nimejifunza kitu kimoja: mtu akiwa ameinama, macho yako chini, mikono ina kazi, anaweza kusema lolote. Pale kwenye mashuka nimesikia maungamo ambayo padre hajasikia. Nikasema, Fulgence akiinama karibu yangu siku nzima, mpaka saa kumi atakuwa amesema. Nililiacha gunia lile la pili kwa ajili hiyo. Ningeweza kulipanda Jumapili bila wewe, kwa kujivuta. Nililiacha likusubiri. Kwa hiyo kuoza kwake na mimi nimo, na hilo nimekaa nalo pia, bila wa kumwambia.

Mvua imefika Jumanne. Nimeteremka kila asubuhi. Katika vile nilivyopanda peke yangu, majani yaliyotoka mpaka leo ni thelathini na mawili. Nilipanda mamia. Sijui kama yatachanua, afisa anasema mwaka wa kwanza huwa yanasusa. Mkeka wangu wa Masista upo mzima. Na mashairi nimeandika mengine saba. Sijakutumia na sitakutumia kwa sasa, usiniombe. Nawasomea chozi, hawahesabu kitu.

Ila kuna kazi. Yale mashimo ya Machi yamebaki wazi, na kila mvua ikinyesha maji yanayachimba zaidi na kubeba udongo kwenda mtoni. Yasipofukiwa kabla ya Krismasi, bonde lenyewe litakuwa korongo, na hayo majani thelathini na mawili yataondoka nalo. Nimeshafukia upande wa kwa baba. Upande wa barabarani bado wote.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni nzuri, imenyooka. Lakini umeniandikia, Fulgence, hujaniambia.

Jumamosi nitakuwa nimeinama tangu saa moja. Jembe la pili lipo.

Dada yako,
Notburga